Fungu la Nane

1

"Tema mate," nilimwambia Bwana Wafula. "Ndani ya miwani. Halafu sugua, halafu suuza."

Akanitazama kama nimemtukana. Alikuwa ametoka Kitale na mkewe, bahari ameiona kwa mara ya kwanza juzi. Boti tuliyopanda ilikuwa inapima joto la maji yenyewe, kina yenyewe, chumvi yenyewe. Na mimi namwambia ateme mate.

"Kwani hakuna dawa ya kisasa, kiongozi?"

"Ipo. Inawasha macho. Mate yako mwenyewe hayakuwashi."

"Tema, Baba Simiyu," mkewe alisema. "Nyumbani unatema bila kuambiwa."

Bi Sikudhani, nahodha wetu, alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. Bwana Wafula akatema.

Mimi ni Shamte, mwongozaji mkuu wa Hifadhi ya Kisiwa cha Mwanamkuu, mwaka huu wa kumi na tisa. Shule niliishia darasa la tano. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Waliofika chuo kikuu wamekuja hapa wakazama mara mbili wakapotea, na mimi ndiye niliyewatoa.

"Karani," nikasema, nikibonyeza kifungo shingoni. "Fungu la tatu. Maji mafu, mkondo umelegea. Nashusha wageni wawili."

"Nimeandika, Mwongozaji Shamte," kifungo kikajibu.

"Unaongea na nani?" Bwana Wafula aliuliza.

"Na Karani. Kila ninachosema kuhusu mwamba anaandika. Anasikiliza waongozaji wote, visiwa kumi na kimoja. Na Kiswahili cha bahari alichonacho ni changu. Nilikaa naye chumbani miezi mitatu namfundisha. Mkondo ni huu, mlango wa bahari ni huu, samaki huyu pono, huyu kangaja. Mtu wa Lamu akisema na Karani leo, Karani anamwelewa kwa maneno ya Shamte."

"Ameanza," alisema Bi Sikudhani.

"Ni uongo?"

"Si uongo. Ila mgeni hajamaliza hata kuvaa mapezi."

Wakavaa mapezi, wakauma mirija, wakashuka. Nikashuka nao.

Mwamba wetu umegawanywa mafungu, na la tatu ni la kupandwa. Wakati wa miaka ya joto kuu mwamba mwingi wa pwani hii ulipauka, ukawa mweupe kama mifupa, ukafa. Ndipo wahandisi wakaleta kaa. Si kaa wa kuliwa. Hawa ni mashine, kila mmoja ana ukubwa wa sinia, wanatembea chini na kumwaga uji mzito mweupe. Uji unaganda kwa siku tatu. Ndani yake mna mbegu za matumbawe zilizozalishwa maabara, zisizoogopa joto, zinazokua kwa mwezi mmoja kiasi ambacho matumbawe ya zamani yalihitaji miaka kumi. Kila baada ya miaka minne kaa wanarudi kuongeza uji, la sivyo linaanza kumomonyoka.

Mke wa Bwana Wafula alipiga kelele ndani ya mrija. Wote hupiga. Matumbawe ya zambarau, ya manjano, mengine mekundu kama achari, yamepangwa kwa ngazi. Samaki wamejaa. Kasa alipita chini yetu bila haraka. Nilimshika mama yule mkono nikamwonyesha chewa amelala pangoni na mdomo wazi, naye akanibana vidole mpaka vikauma.

Waliporudi botini walivua mapezi kwanza. Kisha Bwana Wafula alisema, "Kiongozi, hii ni mali."

"Ni yetu," nikamwambia. Kifua changu kilijaa, sitaficha.

2

Fungu la nane liko nje kabisa, mahali ambapo bahari kuu inagonga mwamba. Siku hiyo lilikuwa linapandwa, na wageni walikuwa wamealikwa kutazama. Tishari la Bodi ya Visiwa lilikuwa limetia nanga pale, bapa, refu, na juu yake kaa mia mbili wamepangwa mistari kama viatu mlangoni pa msikiti.

Mhandisi Koku alitupokea kamba. Ni binti wa Bukoba, hodari, umri wa mwanangu wa kwanza. Ndiye aliyekaa na mimi ile miezi mitatu, mimi nasema, yeye anamweleza Karani maana.

"Shikamoo mzee Shamte. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnaanza lini?"

"Saa sita kamili. Bado dakika ishirini. Wageni wanaweza kuja kuwaona kaa."

"Waache kwanza wale machungwa," alisema Bi Sikudhani. Aliwaachia wageni kapu, akapanda tishari peke yake, akaweka mikono kiunoni. "Mwanangu, niulize. Hili fungu mnalipandia nini?"

Bi Sikudhani aliwinda pweza kwenye mwamba huu kabla haujawa hifadhi. Kila shimo analijua, na kila shimo lina jina alilopewa na mama yake.

"Tunapanda kama tulivyopanda la tatu na la sita, mama."

"La tatu lilikuwa zima. La sita lilikuwa zima. Hili ni zima. Juzi nimechungulia hapa, matumbawe yako wazi yanakula. Mnapanda juu ya kitu kizima?"

"Wanaliimarisha, Siku," nikasema. "Wanaliongezea."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiuliza swali hilohilo siku lilipopandwa la tatu. Nilijua liko hai. Nilikuwa nimeogelea juu yake wiki ileile. Lakini nilipoona tishari, na kompyuta, na watu wenye shahada, nikajiambia wana sababu yao. Mtu wa darasa la tano akiuliza swali la kijinga mbele ya wahandisi, atasemwa mwaka mzima. Nikanyamaza. Halafu fungu lilipochanua nikasahau kama niliwahi kuwa na swali.

Mhandisi Koku alikuwa ananitazama. "Kuimarisha? Mzee, hatuimarishi. Tunapanda palipokufa tu. Uji unaziba kila kitu. Kikiwa hai chini yake, kinakosa pumzi."

"Basi nani amesema hili limekufa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mara kumi na nne." Akafungua kompyuta yake ya mkononi. "Huku nje hatuna kamera, mkondo unazing'oa. Tunategemea neno lako. Ripoti kumi mfululizo zikisema limekufa, Karani anaandika limekufa. Zako ziko kumi na nne, hakuna hata moja inayosema tofauti."

"Mimi sijawahi kusema fungu la nane limekufa. Cheza hiyo sauti."

Akacheza. Sauti ilikuwa yangu kabisa. *Karani. Fungu la nane. Maji mafu. Nashusha wageni sita.* Akacheza nyingine. *Fungu la nane, maji mafu, mkondo mzuri.* Na nyingine.

Bi Sikudhani aliangua kicheko. Kisha akakikata katikati, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Koku," nikasema polepole. "Maji mafu, wewe ulimwambia Karani ni nini?"

"Maji yaliyokufa. Maji yasiyo na uhai." Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Siyo?"

"Kwenu Bukoba ziwa linakupwa?"

"Ziwa? Linakupwaje?"

Basi hapo nikaelewa kila kitu.

Nikamweleza. Bahari ina siku za bamvua, inajaa mpaka inalamba mikoko na inakupwa mpaka mwamba unabaki mtupu. Na ina siku mwezi unapokuwa nusu, haijai sana wala haipwi sana, na mkondo unalegea. Hizo ndizo siku za maji mafu. Mtoto wa pwani analijua neno hilo kabla hajajua kuhesabu. Halina habari na kufa kwa kitu chochote. Samaki wanaishi, mwamba unaishi, maji tu yamelala.

"Ile miezi mitatu hukuniambia," alisema, sauti ikiwa ndogo.

"Hukuniuliza. Na mimi sikudhani kuna mtu asiyejua."

Mafungu ya ndani tunayaendea kila siku, ya bamvua na ya maji mafu, kwa hiyo ripoti zake zilichanganyika na Karani hakupata kumi mfululizo. La tatu, la sita na la nane yanakaa kwenye mkondo. Hakuna mwongozaji mwenye akili anayemshusha mgeni pale siku ya bamvua. Tunaenda siku za maji mafu tu. Kwa hiyo kila mara nilipopeleka wageni salama, kwa kufuata kazi yangu vizuri, nilikuwa nasoma hukumu ya fungu lile.

Joto kuu lilipita juu ya mafungu yale yakabaki hai. Mimi nikayamaliza kwa mdomo.

3

"Zimebaki dakika kumi na moja," alisema Koku. Alikuwa amefuta uso. "Mzee, sikiliza. Hili la nane naweza kulisimamisha sasa hivi. Sema tu kwenye kifungo, fungu la nane lina uhai. Neno la mwongozaji linashinda. Kaa hawatashuka."

"Na la tatu? La sita?"

"Yameshapandwa. Huwezi kuyafufua. Kuanzia kesho usiseme maji mafu, sema mkondo mdogo. Basi. Hakuna atakayejua."

Ilikuwa njia rahisi, na ninakiri niliinua mkono kwenda kwenye kifungo.

"Visiwa vingine je?" nikauliza.

Koku aliinamia kompyuta yake.

"Koku. Karani wao si ndiye huyuhuyu? Si anatumia maneno yangu?"

Alitafuta. "Kuna mafungu kumi na manne yaliyopandwa kwa neno hilo," alisema mwisho. "Na mawili yanapandwa leo. Kisiwa cha kaskazini wameshaanza. Kusini wanaanza pamoja na sisi."

"Namna ya kulifuta neno?"

"Tamko."

Tamko linajulikana. Mwongozaji anasema wazi kwamba neno fulani ni kosa, na Karani anayatoa maneno yale kwenye kila kifungo cha kila mwongozaji, visiwa vyote, na ofisini kwa Bodi, saa ileile. Kaa wote wanasimama mpaka neno lichunguzwe. Tangu Karani aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kutoa tamko.

"Usifanye," alisema Bi Sikudhani.

"Siku..."

"Usinikatize. Umesahau shamba la mwani?"

Sikusahau. Zamani kamera ya angani ndiyo iliyokuwa inaamua. Ililitazama shamba la mwani la akina mama, ikaandika mwamba uliokufa, na kaa wakaja wakalizika kwa uji shamba zima kwa alasiri moja. Bi Sikudhani aliwapanga wanawake arobaini, wakaenda ofisi ya Bodi na makapu matupu kichwani, wakakaa mlangoni siku tisa. Ndipo ikaandikwa sheria kwamba neno la mwongozaji wa kisiwa linashinda kamera. Hakuna sheria nyingine katika nchi hii inayompa mtu wa Mwanamkuu kauli juu ya Mwanamkuu.

"Ukisema neno la mwongozaji limeua mafungu kumi na manne," alisema, "kesho asubuhi watatunyang'anya neno. Watarudisha kamera. Na watoto wetu watakuwa wabebaji wa mapezi tu. Liokoe hili. Hayo ya wengine, wapigie simu waongozaji wenzako, mmojammoja, waeleze. Mambo yanaisha kimyakimya."

"Kisiwa cha kaskazini wameshaanza kumwaga, Siku. Nikimpigia mwongozaji wao Mwinchande, ataniuliza mara tatu kama nimelewa."

"Basi moja litaharibika. Lakini neno litabaki."

Hakuwa mpumbavu. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa anatetea kitu alichokipigania kwa siku tisa, na mimi siku zile nilikuwa nyumbani nasubiri kuona nani atashinda.

Nilitazama chini pembeni mwa tishari. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Matumbawe ya fungu la nane si ya kupendeza kama ya kupandwa. Ni ya kahawia, ya kijani iliyofifia, mengine kama kichwa cha mzee mwenye upara. Yaliishi miaka ya joto kuu bila mtu kuyapa chochote.

"Siku," nikasema, "neno ulilolipigania lilikuwa la mtu anayeujua mwamba. Mimi naujua. Nikijua liko hai na nikanyamaza, basi afadhali ile kamera. Kamera ilikosea kwa sababu ni kipofu."

"Na wakitunyang'anya?"

"Utapanga makapu tena. Safari hii nitakuja."

Alinipima kwa macho. "Utabeba kapu kichwani?"

"Nitabeba."

"Wewe, Shamte. Na hilo tumbo."

Akageuka akatazama bahari. Nikalichukua hilo kuwa jibu.

4

Wageni walikuwa wamesimama botini, maganda ya machungwa mkononi, wanasikia kila kitu. Sikuwaambia waende mbali.

Nikabonyeza kifungo na kukishikilia. "Karani. Natoa tamko."

"Mwongozaji Shamte, tamko litasikika visiwa vyote. Niendelee?"

"Endelea. Waongozaji wote mnisikie. Neno maji mafu, Karani ameliandika kuwa mwamba uliokufa. Si kweli. Maji mafu ni maji ya mwezi nusu, kama mnavyojua wote, hata watoto wenu. Nilimfundisha Karani neno bila kumfundisha maana. Fungu la tatu na la sita la Mwanamkuu yalikuwa hai siku yalipozikwa. Niliyaona yako hai. Niliona yakipandwa na sikuuliza. Kuna mengine kumi na mawili kwenu. Yatazameni mafungu yenu yote ya nje. Na wewe Mwinchande wa kaskazini, wazuie kaa wako sasa hivi, sijalewa."

"Nimeandika," Karani akasema. "Kaa wamesimama visiwa vyote. Kosa liandikwe kwa jina la nani?"

Koku alikuwa amefungua mdomo. Najua alichotaka kusema, kwamba ni lake, yeye ndiye aliyeandika maana. Ningemwacha, wangempakia kwenye boti ya jioni, na hakuna ambaye angekumbuka kwamba kulikuwa na mzee pale aliyejua.

"Shamte Mwinyikondo Hatibu," nikasema. "Mwongozaji mkuu, Mwanamkuu. Andika majina yote matatu. Usiandike kifupi."

"Na Kokushubira Rugaimukamu," alisema Koku, akiinama kwenye kifungo changu mpaka nywele zikanigusa kidevu. "Mhandisi. Niandike na mimi."

"Nimeandika majina mawili. Kuna mengine?"

"Mimi usiniandike," Bi Sikudhani akapaza sauti. "Mimi niliuliza leo!"

Karani, ambaye hajui utani, aliandika na hilo. Mpaka leo limo kwenye kumbukumbu za Bodi.

Kifungo kikaanza kulia. Kusini walisema kaa wamesimama kabla ya kugusa mwamba. Kisiwa cha pili kutoka kwetu waliuliza fungu lao la tano kama limo kwenye orodha. Koku akatazama, akasema limo, na mwenzetu wa upande ule akazima kifungo chake. Halafu sauti ya Mwinchande, inahema: kaa wameshika robo ya fungu, robo tatu iko salama, na yeye yuko ndani ya maji na watu wake wanauchota uji kwa mikono kabla haujaganda.

"Kwa mikono?" nikauliza.

"Kwa sufuria, kwa ndoo, kwa chochote! Na wewe Shamte, nikikutana nawe!" Akakata.

Mwisho ikaja sauti ya mtu wa Bodi, mtulivu sana. Alisema nimesimamishwa uongozaji mkuu kuanzia kesho, na sheria ya neno itajadiliwa mwezi ujao, na nilete maelezo yangu kwa maandishi.

"Nitaleta kwa mdomo," nikamwambia. "Nitakaa mlangoni kwenu mpaka mmalize kuyaandika. Na sitakuja peke yangu."

5

Bwana Wafula alikuwa bado botini, miwani ikining'inia shingoni.

"Kiongozi. Lile la asubuhi. Lile la zambarau."

"Ni kaburi," nikamwambia. "Zuri, lakini ni kaburi. Nilikupeleka kulitazama nikajisifu. Ukitaka kulalamika, ofisi iko karibu na gati."

Alifikiri. Mkewe alimshika bega, wakaongea kwa Kibukusu maneno mawili matatu.

"Mama Simiyu anauliza, hili lililopo hapa tunaruhusiwa kuliona?"

"Kuanzia kesho, mimi si mtu wa kukupeleka. Leo bado ni mwongozaji mkuu."

Nikachukua miwani yake nikaiangalia. Ilikuwa na ukungu. Akaichukua kutoka mkononi mwangu, akatema mwenyewe, akasugua, akasuuza. Tukashuka wote watatu, na Koku akatufuata na nguo zake za kazi, hata mapezi hakuvaa.

Niliwapeleka polepole. Hakuna ngazi za rangi pale, macho yanahitaji muda. Kwanza wanaona mawe. Halafu wanaona kwamba jiwe lina vinywa, maelfu, vidogo kuliko mbegu ya ufuta, vinafunguka na kufumba. Kisha wanaona pweza aliyekuwa mbele yao tangu mwanzo. Nilimwonyesha Koku shimo ambalo mama yake Bi Sikudhani aliliita Mlango wa Mkwe, kwa sababu kila anayeingia anatoka kinyumenyume. Alilishika ukingo kwa kidole kimoja, akakitoa haraka, kama mtu aliyegusa uso wa mtoto aliyelala.

Bwana Wafula alikaa juu ya jiwe moja muda mrefu kuliko pumzi yangu ingeruhusu bila mrija. Lilikuwa kubwa kuliko gari, na umri wake unauzidi ule wa msikiti wa kwanza wa kisiwa. Alipoinua kichwa alitoa mrija mdomoni, maji yakimwagika ndevuni.

"Nani alilipanda hili?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna aliyelipanda," nikasema, na sikumbuki kama nimewahi kuwaambia wageni neno kwa majivuno makubwa kama yale. "Rudisha mrija, Bwana Wafula. Hujaliona hata nusu."